Jina Chini ya Kikaango

Mjomba Gharib alimkamata Yusra nywele, akamburuta hadi uani, mtoto akilia mgongoni.

"Mrundi huyu!" alimwambia Dismasi, mgambo. "Marehemu mama mkubwa Zaitun alimwokota ziwani tu. Mpandishe lori."

Ulikuwa mwaka wa msako wa wakimbizi. Asiye na wa kumsemea alipelekwa kambini, na jua halikuzama kabla nyumba yake haijapata mwenyewe mwingine. Hii ya Ujiji, Bibi Zaitun alimwachia mjukuu wake Yusra, pamoja na kikaango chake cha chuma. Gharib aliimezea mate tangu matangani.

"Nilizaliwa chumba kile," Yusra alisema, damu ikimchuruzika mdomoni. "Bibi aliandikisha."

"Wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Kikaango alikuwa amekifudikiza kwenye makaa tangu alfajiri, kimeiva chekundu. Ujiji chombo hakiazimwi shughulini bila jina chini yake, na jina la hiki lilichongwa kwa tindo na fundi wa karakana ya reli. Masizi ya miaka yakalifunika. "Ukikichoma, gamba litatoka," Bibi aliusia. "Ila kiache kipoe chenyewe. Chuma cha kusubu hakitaniwi na maji."

"Siku hizi vikaango vinatoa ushahidi?" Gharib alicheka. Akanyanyua ndoo, akamwaga yote.

Pah!

Mvuke ulipotawanyika, kikaango kilikuwa vipande viwili. Lakini lile gamba lilikuwa limebanduka lote kama magamba ya samaki.

Dismasi aliinama, akasoma kipande chenye mpini, herufi moja moja. "Zaitun, 1938." Chini yake: "Yusra, mjukuu, 1974." Akainuka. "Hiki nakijua. Kilikaanga maandazi msibani kwa baba. Sasa wewe Gharib, jina lako liko wapi?"

Gharib alichomoa panga upenuni mwa paa, akamwendea Yusra. Yusra akamgeukia, mtoto abaki nyuma. Akafunga ncha ya kanga mkononi, akashika mpini wa kile kipande cha kikaango, akapiga. Kifundo cha mkono wa Gharib kililia kama ukuni mkavu. Panga likaanguka. Gharib akaliokota kwa mkono wa pili. Rungu la Dismasi likamshukia begani, kisha mgongoni, kisha tena, mpaka akalamba majivu.

"Mjomba gani wewe!" Dismasi alihema, akimfunga kwa shati la Gharib mwenyewe.

Lori lilipiga honi mara mbili barabarani, likaondoka.

Adhuhuri Yusra alisugua kile kipande kwa mchanga, akakipaka mawese, akakirudisha motoni kifuke hadi kiwe cheusi. Chini ya jina lake palibaki nafasi ya vidole vitatu. Jina la mwanawe, Safina, lingetosha hapo, akipatikana fundi mwenye tindo.

Chapati ilitoka nusu mwezi. Akamkatia mwanawe kipande, akakipuliza kipoe, kwa mdomo uliovimba.