Wagongaji Wanne wa Phikul

Kazi yangu ni kuwafuata viongozi waliotoka mafunzoni, nione kama somo limefika kazini au limebaki kwenye daftari. Aghalabu limebaki kwenye daftari. Phikul ndiye aliyenitatiza: alifanya yote tuliyomfundisha, na hakuna kilichosogea.

Alikuwa kiongozi wa wagongaji kwenye ghala la doriani hapa Chanthaburi. Mgongaji hupiga tunda kwa kijiti, akasikiliza, akajua limeiva au bado. Sasa makasha mawili yalikuwa yamerudishwa, yamejaa mabichi matupu. Tajiri akamwambia, "Ijumaa nataka kumjua anayeniharibia. La sivyo, cheo nampa mpwa wangu."

Kila asubuhi Phikul aliwauliza wenzake wanne, kama tulivyomfundisha: "Jamani, semeni, tatizo ni nini?"

Wakatabasamu. "Hakuna, dada."

"Mwalimu," alinigeukia, "haya maswali yenu mliyajaribu kwa watu au kwa mawe?"

Nami nikataka kujua. Jumatano nikakaa nyuma ya mizani, najifanya naandika. Phikul akagonga tunda, akalipitisha. Alipogeuka tu, Kanda, mmoja wa wale wanne na msaidizi wake kwa miaka tisa, akaligonga lile lile, akalisukuma pembeni kwa mguu. Mara tano! Nikamfuata.

"Sikio lake la kushoto, analosikilizia matunda, limekufa, mwalimu," akaninong'oneza. "Tunamfichia, na mimi ndiye ninayerudia matunda yake. Makasha yale ni ya siku nilizokuwa msibani."

"Si mumwambie?"

"We! Kanifundisha kazi huyu. Nimvunjie heshima mbele za watu?"

Phikul nilimwambia jambo moja tu: kesho usiwaulize habari zao, uliza zako.

"Zangu? Thubutu!" akacheka. Lakini Alhamisi akagonga tunda mbele yao wote. "Mimi nasikia limeiva. Nimekosea?"

Kanda akaunganisha viganja kwa heshima, akainama, machozi yanamtoka. "Bado, dada. Bichi kabisa."

Phikul akalihamishia sikio la kulia, akaligonga tena. Alisikiliza muda mrefu.

"Kumbe ni mimi," akasema.

Ijumaa tajiri alikuja na mpwa wake. Phikul akamkabidhi Kanda kijiti, akaeleza yote bila kujitetea. Tajiri akaguna, akamshika mpwa bega, amsogeze mbele apewe cheo. Ndipo Kanda, ambaye miaka yote tisa hakuwahi kumjibu tajiri, akaunganisha viganja.

"Samahani, tajiri. Hapo umekosea."