Kiti cha Nyuma cha Pikipiki ya Mzee Twahiru

Sanduku la pikipiki ndogo ya kuunganisha lilikuja na sehemu mbili za nyuma: kiti cha abiria pamoja na vikanyagio vyake, na keria bapa ya kubebea mizigo. Karatasi ya maelekezo ilieleza kwamba mjenzi achague moja, kwa kuwa zote mbili hufungwa katika matundu yaleyale ya fremu. Nasiri hakuchagua kwa kupenda. Aliichukua picha pekee iliyosalia ya pikipiki ya baba yake, iliyopigwa Rwamagana enzi za ujana wa mzee, akaiweka chini ya kioo cha kukuzia. Akaona keria. Akafunga keria.

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yake. Shule ya bweni ilimfundisha kwamba jambo lisilo na ushahidi halisemwi, naye akalibeba fundisho hilo hadi kazini, ambako alikuwa mkaguzi wa majengo anayeogopwa na mafundi, na hadi nyumbani kwake Ndera, pembezoni mwa Kigali, ambako jioni aliunganisha pikipiki za zamani zilizofanywa ndogo, za chuma kitupu, za kutosha kukaa juu ya viganja viwili. Kila spoku ya gurudumu aliinyoosha kwa kibano. Mapezi ya injini aliyasugua kwa tupa nyembamba mpaka yakaachana kama kurasa za kitabu. Rangi ya tangi alimuuliza mama yake kwa simu, kwa kuwa picha ilikuwa ya nyeusi na nyeupe. Kuhusu sehemu ya nyuma hakumuuliza mtu.

Zawadi hiyo aliikusudia kwa baba yake siku ya Idd. Mzee Twahiru alikuwa fundi cherehani aliyestaafu, mtu wa maneno machache mwaka mzima isipokuwa siku hiyo moja, ambapo baada ya pilau huwasimulia watoto na wajukuu jinsi alivyomleta mkewe Kigali kutoka Rwamagana kwa pikipiki. Mama alikuwa na mimba ya Ihirwe, mtoto wa kwanza. Barabara ilikuwa ya vumbi. Mzee aliendesha polepole, akisimama penye kila mlima ili mkewe anywe maji. Hakuna aliyekuwa hajaisikia hadithi hiyo, na hakuna aliyekubali Idd ipite bila kuisikia tena.

Siku ilipofika, familia ilijaa katika nyumba ya wazazi kule Kabeza. Nasiri aliondoa kitambaa juu ya pikipiki, na Mzee akapiga makofi.

"Yewe! Ni yenyewe! Mama Ihirwe, kuja uone, Nasiri amezaa pikipiki!"

Aliishika kwa vidole vya fundi nguo, akazungusha gurudumu la mbele, akacheka lilipozunguka. Ihirwe, ambaye sasa alikuwa mama mtu mzima mwenye duka lake la vitambaa, alijisogeza na kuinua kidevu.

"Heshima, tafadhali. Mimi nimeipanda hii kabla sijazaliwa. Nyinyi wengine mmekuja dunia hii kwa miguu."

"Na nauli hujalipa mpaka leo," Mzee akamjibu, na chumba kizima kikacheka.

Kaze, binti wa Nasiri, alijipenyeza hadi kwenye magoti ya babu yake. "Babu, Bibi alikaa wapi?"

"Hapa." Kidole cha Mzee kilishuka nyuma ya kiti cha dereva, kikatua juu ya keria, kikatulia. "Hapa… Nasiri, kiti kimeenda wapi?"

"Haikuwa na kiti, Baba."

"Ilikuwa na kiti, bwana. Mimi ndiye niliendesha, wewe hata jina ulikuwa huna."

Watu walicheka tena. Nasiri naye angeweza kucheka, na mambo yangeishia hapo. Badala yake alitoa simu, akaifungua ile picha, akaikuza kwa vidole viwili na kuizungusha ili wote waone.

"Tazameni hapa nyuma. Hii ni keria. Na hapa chini hakuna vikanyagio vya abiria."

"Nilipanda mimi," mama yake alisema kutoka mlangoni, akiwa bado ameshika bakuli la kachumbari. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Mama, suala siyo nani alikuwepo. Matundu ni yaleyale. Penye keria hapawezi kufungwa kiti."

"Lakini labda kilifungwa baadaye," Ihirwe alisema. Uso wake ulikuwa umeacha mzaha. "Sha Nasiri, kula pilau."

"Haiwezekani. Baba mwenyewe hutwambia kwamba picha hii ilipigwa asubuhi ya safari, wakiwa tayari kuondoka."

Alilisema bila kupandisha sauti, kwa adabu kamili, kama mtu anayesoma ripoti. Mzee Twahiru aliirudisha pikipiki mezani taratibu, mkono wake mwingine ukiikinga isianguke.

"Basi labda nimesahau," akasema. "Uzee."

Akaomba maji ya kunawa, na sahani yake ilikuwa bado nusu.

Wakirudi Ndera, Nasiri aliendesha gari akijiambia kwamba hakumvunjia mtu heshima. Alisahihisha jambo, tena kwa ushahidi. Ndipo Kaze akauliza kutoka kiti cha nyuma:

"Baba, Babu alidanganya?"

Nasiri alifungua kinywa. Kwa maisha yake yote alikuwa na jibu moja tu kwa swali la namna hiyo, fupi na lisilopinda. Safari hii halikutoka. Aliongeza sauti ya redio, na alipomtazama mtoto katika kioo aliona kwamba kimya chake kilikuwa kimekwisha kujibu.

Jumapili zilizofuata walikwenda Kabeza kama kawaida. Mzee hakununa. Alimuuliza Nasiri habari za kazi, akawagawia wajukuu karanga, akasikiliza taarifa ya habari. Pikipiki ilikaa juu ya kabati, imefutwa vumbi. Siku moja Shema, mdogo wake Kaze, akamvuta babu yake mkono wa kanzu.

"Babu, tuambie ya pikipiki."

"Muulize baba yako," Mzee akasema kwa upole. "Yeye ndiye anaijua."

Hapakuwa na kejeli katika sauti yake. Kejeli Nasiri angeistahimili. Aliinuka, akatoka hadi uani, ambako mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya ndizi.

"Mama, Baba amenikasirikia?"

"Hajakasirika. Ana haya."

"Haya ya nini? Kusahau si kosa."

Mama alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyerudi kutoka shuleni na viatu vya mtu mwingine.

"Hajasahau kitu. Na wewe hukukosea, kama ndiyo unataka kusikia. Picha ilipokwisha kupigwa, hapo nyuma tulifunga cherehani." Aliitupa ndizi ndani ya beseni la maji. "Baba yako alitaka nipande mimi, cherehani ibaki kwa shangazi yake. Nikakataa. Nikamwambia, cherehani haina miguu, mimi niko nayo. Kigali tungekula nini bila ile mashine? Basi nikatembea. Anatangulia, ananisubiri. Anatangulia, ananisubiri. Tulipofika Kabuga miguu yangu imevimba hivi, akakaa chini kando ya barabara akalia. Mwanaume mzima, na watu wanapita."

Mama aliendelea kumenya.

"Tukaingia mtaani Biryogo, yeye juu ya pikipiki, mimi nyuma na tumbo langu. Wanawake wa pale walimwimbia hiyo kwa kumcheka mwaka mzima. Ihirwe alipoanza kuuliza mambo, akamwambia nilipanda. Mimi nikamwachia." Kisu kilisimama. "Kila Idd baba yako ananipandisha juu ya ile pikipiki, Nasiri. Wewe umenishusha. Mbele ya wajukuu."

Nasiri alitafuta mahali pa kuweka macho, akayaweka kwenye beseni. Alikuwa amekuja akitarajia kusamehewa kwa ukali wa maneno, na kumbe maneno ndiyo yaliyokuwa jambo dogo. Aliona jinsi alivyoizungusha ile simu mbele ya watu, akihakikisha hakuna aliyekosa kuona.

"Nitairekebisha," akasema. "Kile kiti kingine bado ninacho. Nitaitoa keria…"

"Achana na vyuma vyako. Siku ile chuma ndiyo ilisema?"

Alibaki amesimama. Mama hakumtuma wala hakumzuia. Alichukua ndizi nyingine. Hatimaye Nasiri alirudi sebuleni, ambako Mzee alikuwa na wajukuu, na Ihirwe aliyepitia kuwaamkia wazazi. Akasimama katikati ya chumba, mikono ubavuni, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya mstari.

"Kaze. Shema. Nilikosea kuhusu pikipiki ya Babu. Kiti kilikuwepo. Kilifungwa… baada ya picha."

Ulikuwa uongo wa kwanza aliowahi kuupanga, nao ulitoka vibaya, umekatika katikati. Ihirwe aliinamisha kichwa. Mzee Twahiru aliinua macho, akamtazama mwanawe, kisha akatazama mlango wa uani, na Nasiri akatambua kwamba baba yake ameelewa kila kitu: nani amesema, na nini kimesemwa. Alikuwa amekuja kuuondoa mzigo, na sasa mzee alijua kwamba mwanawe naye anajua.

"Kwa hiyo Bibi alipanda!" Shema akapiga kelele.

"Nilikuambia," Kaze akasema, ingawa hakuwa amemwambia kitu. "Babu, sema basi. Anza mwanzo."

Mzee alikohoa. Alipapasa goti lake.

"Tulitoka mapema," akaanza. "Baridi ilikuwa kali. Nikawasha pikipiki, ikakataa. Nikawasha tena, ikakubali. Bibi yenu akanishika bega…"

Wajukuu walingoja. Mzee aligeuza uso polepole kuelekea alikosimama Nasiri, akamtazama kwa macho ya mtu anayeomba ruhusa.

Nasiri aliitikia kwa kichwa.

"…akapanda," Mzee akasema kwa sauti ya chini, na watoto wakasogea karibu. Aliendelea kusimulia, mara kwa mara akitupa jicho upande wa mwanawe, na Nasiri, ambaye hakuna aliyemwambia aketi, alisikiliza hadi mwisho akiwa ameangalia sakafu.