Kinyozi na Gari Lisilo Lake

Kabla kinyozi hajapata gari, mtaa mzima ulikuwa umeshalichoka. Kila aliyekaa kwenye kiti chake aliulizwa swali lile lile: ninunue, au nikodi kwa mwezi? Na nani atamjibu "sijui" mtu aliyemnyoa kichwa nusu na wembe bado anao? Wa kukodi walisema likiharibika ni shauri la mwenye gari. Wa kununua walisema mtu mzima hapangi gari kama chumba.

Aliyelenga ni mkewe. "Baba, ukinunua, ndugu zangu wote watakuwa madereva. Nawajua, nimezaliwa nao."

Hilo likamwingia. Akanunua, jeupe, viti bado vimevaa nailoni; halafu akatangaza kwamba amekodi. Mkataba, alisema kwa uso wa msiba, hauruhusu mwingine kushika usukani, wala kubeba magunia, wala mtoto anayetapika. Shemeji yake alikuja kuazima mara moja, akarudi kwao kwa miguu. Kinyozi akalala usingizi wa mfalme.

Lakini uongo nao una gharama zake. Siku ya kikao cha ukweni, sebule imejaa hadi mlangoni, mama mkwe ndiye aliyegawa viti. Shemeji, mwenye kigari kinachowaka kwa kusukumwa, akapewa kochi. Kinyozi akaonyeshwa kigoda karibu na viatu.

"Kaa hapo, mwanangu," mama mkwe alisema kwa huruma. "Na wewe ipo siku utapata la kwako."

"Gari la watu ni kama suruali ya kuazima," shemeji akadakia, akijinyoosha. "Hata kuchuchumaa unaogopa."

Sebule ikaangua kicheko. Mkewe akamkodolea macho: nyamaza. Kinyozi alijaribu. Akatazama viatu, viatu vikamtazama.

"Ni langu," akasema. "Nimelinunua. Hakuna cha mkataba."

Mama mkwe akamwondoa shemeji kwenye kochi kwa ncha ya kidole, akamkalisha kinyozi katikati, akamwekea na mto mgongoni. Kinyozi hakuwahi kukaa mahali laini namna ile.

"Nilijua tu, mkwe wangu si mtu wa kukodi," mama mkwe alisema. "Sasa, Jumamosi shangazi yenu anahama. Ana kabati, magunia kidogo, na yule mjukuu wake anayetapika."

Shemeji alikuwa ameshanyoosha kiganja. "Funguo, shemeji."

Kinyozi akakitazama kile kigoda kwa hamu. Mkewe alikuwa amekikalia, anavaa viatu vya kurudia nyumbani kwa miguu.