Mtu wa Kupigiwa Simu

Saa tatu asubuhi, Jumanne ya pili ya Februari, Ardis Tveit alikuwa jikoni kwake Velding, Dakota Kaskazini, akimenya viazi, kifua kikambana na mkono wa kushoto ukafa ganzi. Alikuwa na miaka sabini na tisa na aliishi peke yake. Kujiandaa alikuwa amejiandaa, asije mtu akamsingizia: kitufe cha dharura shingoni, aspirini mezani, na mlangoni pa friji karatasi yenye dawa zake zote, ili wahudumu wa ambulensi wasihangaike.

Kampuni ya kitufe ilimtaka pia mtu wa kupigiwa simu. Akaandika Orrin Tveit, mume. Orrin alikuwa amekufa miaka mitatu kabla. Kuandika jina jingine kungemlazimu amwombe mtu hisani, na sisi watu wa Velding kumsumbua jirani hatuwezi kabisa.

Alibonyeza kitufe. Binti wa kampuni akaita ambulensi, kisha akapiga namba ya Orrin kama alivyofundishwa. Orrin alizikwa na simu mfukoni mwa koti. Alipokea mara moja.

Baada ya dakika kumi na moja aliingia kwa mlango wa nyuma, akakung'uta theluji na kuvua viatu. Enzi zake alikuwa zimamoto wa kujitolea kwa miaka ishirini na miwili.

"Umetafuna aspirini?"

"Bado."

"Unangoja nini, mama? Itafune, usiimeze nzima."

Akamketisha sakafuni, mgongo ukutani, magoti juu. Akamlegeza vifungo vya shingoni, kisha akaenda kufungua mlango wa mbele.

"Mikono yako baridi," Ardis alisema.

"Mikono ya maiti hii, unategemea nini? Ambulensi iko wapi?"

"Kituo chetu walikifunga. Siku hizi inatoka maili sabini."

"Na theluji hii! Nikuendeshe mwenyewe?"

"Leseni yako imekwisha muda."

"Kweli." Orrin hakuwahi kuendesha gari bila leseni maishani mwake, na hakuona sababu ya kuanza sasa. "Basi nimwite Lavonne hapo ng'ambo. Gari lake lile pale nje."

"Anaoka mikate leo. Mwache."

"Ardis, acha ubishi."

"Nimesema asisumbuliwe mtu!"

Nikilikumbuka neno hilo napandwa na hasira mpaka leo. Orrin naye, mtu wa hapa hapa, hakumwita Lavonne, akamshika mkono. Walizungumza kidogo habari za paa la ghala. Kisha Ardis akaacha kujibu, akaacha na kupumua.

Orrin akamlaza chali, akaanza kumkandamiza kifua, kwa nguvu na kwa haraka, akihesabu kwa sauti. Hakupumzika, kwa kuwa wafu hawachoki. Ambulensi ilifika baada ya masaa mawili na dakika kumi. Mhudumu alimgusa Ardis shingoni, kisha akamgusa Orrin, maana ndio utaratibu, asipate mapigo kwa yeyote.

"Umefanya sawasawa, mzee," alisema. "Sisi ndio tumechelewa."

Orrin alishukuru, akavaa viatu, akasaidia kubeba machela.

Ofisi ya wilaya iliandika kwamba huko Velding msaada wa kwanza ulifika kwa dakika kumi na moja. Kwa sababu ya ufanisi huo, ombi letu la kurudishiwa kituo lilikataliwa.

Tulimzika Ardis Jumamosi, na simu yake mfukoni, siku hizi wengi huomba hivyo. Baadaye kanisani, mbele ya sahani za tambi na jibini, Lavonne alilia bila kujificha.

"Nilikuwa hapo ng'ambo ya barabara! Mkate gani jamani? Si ungeungua tu! Angeniita ningekwenda na aproni yangu!"

Tulimwamini, maana angekwenda kweli.

Jumatatu nilimsindikiza Lavonne posta kuchukua kitufe chake, kwa kuwa yeye pia anaishi peke yake. Alijaza fomu vizuri mpaka kwenye mtu wa kupigiwa simu. Hapo kalamu ikasimama.

"Niandike mimi," nikamwambia. "Nakaa nyumba ya tatu kutoka kwako."

"Aa, wewe una shughuli zako," alisema, akaandika Ardis Tveit.