Niko Sawa, Kocha

Mjini Yorkton watu wana dini mbili, na ile ya kanisani ndiyo ndogo. Kwa hiyo Marlene Hrytsak alipokwenda polisi kumshtaki mchezaji wa hoki ya barafuni, mji mzima ulimpa kisogo. Muuza mikate alimhudumia bila salamu. Shemeji yake akampigia simu: "Marlene, hebu acha hizo. Mchezo una damu yake. Unataka kutuaibisha?"

Aibu! Mtoto wa mwenzio yuko kitandani wiki ya tatu, haongei, analishwa kwa mrija, halafu anayeona aibu ni shemeji.

Mambo yalikuwa hivi. Tanner, mwanawe wa pekee, mchezaji wa kulipwa, alikuwa ameugeukia ukuta wa uwanja akiinuka polepole baada ya kutoa pasi. Kessler wa timu pinzani akaja mbio juu ya barafu kutoka nyuma, akambamiza kichwa ukutani. Ligi ikamfungia Kessler mechi kumi, yakaisha. Barabarani ukimfanyia mtu vile unalala rumande, uwanjani unapumzishwa.

Mpelelezi Ouellette alifika hospitalini mchana mmoja, theluji ikimdondoka mabegani. Hakuwa mtu mbaya. Alimvuta Marlene pembeni.

"Mama, nisikufiche. Wakubwa wangu wanasema kijana aliingia uwanjani kwa hiari yake, na alijua watu hugongana. Ili jalada liende mbele, lazima yeye mwenyewe aoneshe kwamba kile hakukikubali. Neno moja tu. Hata akitikisa kichwa."

"Na asipoweza?"

"Nalifunga leo."

Orest, mumewe Marlene, alikuwa amesimama dirishani. "Mwacheni mtoto," akasema. "Hata angekuwa mzima asingemshtaki mchezaji mwenzake. Hatukumlea hivyo."

"Tulimlea vipi, Orest?"

Orest akaligeukia dirisha.

Ouellette akamwinamia mgonjwa. "Tanner, kaka, Kessler alikupiga kwa nyuma. Ulikubali akupige vile? Unataka tumchunguze?"

Marlene alikuwa ameshika ukingo wa kitanda. Macho ya Tanner yakafunguka, yakamtazama yule mtu mrefu mwenye koti aliyemwinamia. Midomo ikachezacheza. Ikatoka sauti ya kukwaruza, ya kwanza tangu aanguke.

"Niko sawa, kocha."

Orest akapiga magoti, analia na kucheka kwa pamoja. "Kasema! Mwanangu kasema!" Marlene naye alifurahi, msimlaumu, mama gani asingefurahi? Akambusu mwanawe paji la uso. Alipoinua kichwa akamwona Ouellette anarudisha kalamu mfukoni.

"Afande, hilo si jibu," akasema. "Hayo wanafundishwa tangu wana miaka mitano. Ukianguka, kocha anakuja, anakuinamia, anakuuliza uko sawa. Ukisema hapana unakaa benchi. Hata mimi nilikuwa nampigia kelele kutoka jukwaani, sema uko sawa mwanangu, inuka. Ni mazoea hayo. Hakusikia hata swali lako."

"Mama, nimemuuliza, kasema yuko sawa. Mwendesha mashtaka atasoma hilo tu."

"Muulize tena."

Akamuuliza tena, taratibu, neno kwa neno.

"Niko sawa, kocha."

Marlene akamsogeza mpelelezi kwa bega, akakishika kichwa cha mwanawe kilichonyolewa kwa viganja viwili. "Tanner, nitazame. Mimi ni nani?"

Tanner alimtazama. Alijitahidi, ilionekana kabisa anajitahidi, kama mtoto anayeogopa kuachwa nje ya kikosi.

"Niko sawa, kocha," akamwambia mama yake.

Kicheko cha Orest kikakatika. Ouellette akatazama sakafu.

"Umeona, afande?" Marlene alisema, mikono yake ingali kwenye kichwa cha kijana. "Hanijui. Hajui mimi ni nani. Andika hilo."

"Nimesikia, mama." Ouellette akavaa glavu zake, moja, halafu ya pili. "Lakini hilo silo swali nililotumwa kuuliza."