Mwalimu wa Midomo

Mtaalamu wa taya aliniomba radhi kwenye simu ya video, akabonyeza kitufe cha kuzima sauti, akamgeukia mtu aliyekuwa ameingia chumbani kwake. Mtu huyo hakuonekana kwenye kioo cha simu. Mtaalamu alionekana uso mzima: paji, mashavu, kidevu kilichonyolewa vizuri, na taa ya mezani ikimmulika kinywa kutoka mbele, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutuonyesha sisi wagonjwa wa mbali jinsi taya linavyopaswa kwenda.

“Wifi, mtandao umekata tena,” alisema wifi yangu. Yeye ndiye aliyeshika simu, amekaa ubavuni kwangu, mkono umeanza kuchoka.

“Haujakata.”

“Mbona anatafuna hewa?”

“Anaongea na mwenzake. Usitikise.”

Kwa muda mrefu wa maisha yangu nilifundisha watoto viziwi kusoma midomo. Shuleni petu watoto walizungumza kwa alama za mikono, na walizungumza vizuri kuliko sisi. Lakini mwenye duka hajui alama, wala karani wa kituo cha polisi, wala, mara nyingi, mama mzazi. Kipindi changu kilikuwa kwa ajili ya watu hao.

Lugha yetu ina hisani moja kwa kiziwi: karibu kila silabi huishia na irabu, na irabu huonekana. A hushusha taya, I huvuta pembe za mdomo, U huukunja. Ina ukatili wake pia. Baba, mama na papa ni neno moja kwa mtu asiyesikia, maana midomo hufunga vilevile mara zote. Habari nzima ndiyo inayomwambia kama anayekuja ni mzazi au samaki. Msomaji hodari hupata sehemu tu ya maneno, yaliyobaki huyajaza. Asipoiona A, hana hata cha kujazia.

Na A ndiyo iliyonitoka kwanza.

Kwa miaka kadhaa taya langu la kushoto lilikuwa likilia karibu na sikio kila nilipofungua kinywa, mlio mkavu kama wa kuvunja kijiti. Asubuhi moja mlio ulikoma. Nilidhani ni nafuu. Nilipotaka kupiga mswaki, kinywa kilifunguka nusu, kikaenda upande, kikagoma. Maumivu yalipanda hadi kwenye panja na kukaa huko, mchana na usiku, kama mgeni asiyeaga.

Niliendelea kufundisha. Aliyenisema alikuwa msichana waliyemwita Kasuku, kwa sababu alijua kuiga uso wa kila mwalimu, hadi namna mkuu alivyoinua nyusi akiona vumbi. Alisimama katikati ya somo na kuniambia kwa mikono: “Mwalimu, unakula maneno na hutugawii.” Darasa zima lilicheka. Nilicheka nalo, kwa kiasi nilichoweza.

Mwalimu mkuu hakucheka. Tulianza kazi pamoja, tukiwa wembamba wote wawili, na hakuwahi kunizungusha.

“Dada, kakae chumba cha vifaa kwa sasa. Nimepata mwalimu mgeni wa kushika darasa.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka mwisho wa muhula. Fanya hayo matibabu. Halafu nitakupa kipindi kimoja, mimi nikae nyuma. Wakikusoma, darasa lako. Wasipokusoma…” Aliinua nyusi. “Tusifike huko.”

Chumba cha vifaa kilikuwa na dirisha dogo, meza, na masanduku ya visaidizi vya kusikia. Niliosha vipachiko vya masikioni kwa maji ya sabuni, nikabadilisha betri ndogo kama punje za dengu. Kupitia ukuta nilisikia kiti cha mwalimu mgeni kikisogezwa. Alikuwa na kinywa kizuri: kipana, chenye utulivu, hakina haraka. Kila tulipokutana nilikiangalia kama fundi anavyoangalia msumeno wa mwenzake.

Wataalamu wa viungo waliokuwa karibu walijua magoti na migongo. Aliyejua taya alikuwa mbali, ndiyo maana alitibu kwa simu. Nilimwita daktari, kila mara alinikumbusha kwamba si daktari, na kila mara nilisahau. Mazoezi yake yalikuwa madogo kiasi cha kuudhi. Ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu. Meno yasigusane. Fungua polepole mbele ya kioo, ulimi usitoke mahali pake, taya lishuke wima bila kukimbilia kushoto. Kitambaa cha moto kabla, pumziko baada. Kwa kuwa yeye hakuweza kunigusa, wifi aliniwekea kiganja shavuni na kumweleza alichokihisi.

“Hapa pamekaza kama ngoma, daktari.”

“Bonyeza taratibu, mama. Usimuumize.”

“Huyu? Mdomo huu umenisema tangu naolewa hadi naachika. Leo nimeushika mwenyewe, halafu unaniambia taratibu!”

Alikuwa dada wa marehemu mume wangu. Alikuja msibani na sanduku moja, na hakuna aliyemwuliza ataondoka lini. Katika miezi ile viganja vyake vilijua taya langu kuliko vyangu.

Nilipata nafasi ya vidole viwili, nikivisimamisha kati ya meno. Cha tatu hakikuingia. Mtaalamu alisema tunaenda vizuri. Alisema hivyo tena na tena, nami nikawa nachoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Alinituma nikapigwe picha ya kiungo, nikapigwa.

Basi siku ile alizima sauti. Nilimtazama kinywa kwa mazoea, si kwa nia. Alisema: “Ni yule mwalimu. Picha zake zimefika.” Alisikiliza. “Gegedu limelika lote. Hapa tulipofika ndipo mwisho.” Akasikiliza tena, akatikisa kichwa. “Hapana, leo simwambii. Ana jambo lake shuleni. Ngoja alimalize.”

Hakukuwa na neno la kujaza. Aliongea kama alivyozoea kuonyesha mazoezi, kila irabu mahali pake.

Sauti ilirudi. “Samahani sana, mwalimu. Tulifika wapi?”

“Daktari,” nilisema, “mbele yangu ukizima sauti, zima na picha.”

Alielewa; niliona jinsi uelewa ulivyoshuka kutoka kwenye macho hadi kwenye kidevu.

“Umesoma yote?”

“Ya upande wako. Mwenzako sikumwona.”

“Amesema nini?” wifi aliuliza. “Wifi, amesema nini?”

“Kwamba halitafunguka zaidi.”

Wifi aliigeuza simu ikamtazama yeye. “Nyie waganga wa kwenye simu! Hata kusengenya hamjui?”

Nilimwomba anirudishie kioo. Mtaalamu alikuwa amevua miwani.

“Nilitaka uingie darasani na moyo mzima,” alisema.

“Moyo hausomeki midomoni. Niambie sasa, kwa sauti.”

Aliniambia. Maelezo yalikuwa mafupi na mazuri, bora kuliko yote aliyowahi kunipa. Maumivu yatapungua kama nitaendelea. Kinywa kitabaki kilipo. Nilimwuliza ana uhakika kiasi gani, akajibu bila kuzunguka. Nilimshukuru, tukafanya mazoezi ya siku hiyo hadi mwisho.

“Sasa huko shuleni unaenda kutafuta nini?” wifi aliniuliza, akikamua kitambaa cha moto kwenye beseni. “Aibu?”

“Picha imepima gegedu. Darasa halijapimwa.”

“Ubishi wako huo ndio uliokukaza taya.”

Alikuwa sahihi kuhusu maumivu, huyo mtaalamu. Leo hii naweza kulala upande wa kushoto. Napiga miayo kwa tahadhari. Vidole ni viwili.

Siku ya kipindi changu upepo ulikuwa mkali, dirisha la upande wa bustani limeachwa wazi, na karatasi za watoto zilikuwa zinapeperuka. Mwalimu mkuu aliketi nyuma. Mwalimu mgeni alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kuazima kitu. Nilijiweka penye mwanga. Watoto walinitazama mdomoni kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona, hata Kasuku, aliyekuwa amekaa wima kama mlinzi.

Nilikuwa nimeandaa sentensi. Niliziacha. Nikasema, polepole, kwa irabu zote nilizobaki nazo: “Naomba mmoja wenu anifungie lile dirisha.”

Waliitikia kwa kichwa. Wote, kwa pamoja, wakitabasamu.

Mtoto kiziwi hujifunza kuitikia kwa kichwa, hata asipoelewa, mapema kuliko kitu kingine chochote. Humwitikia mjomba, mpita njia, daktari. Ni adabu, na ni ngao. Katika darasa langu nilikuwa nimeipiga marufuku: usiyeelewa, inua mkono. Hakuna aliyeinua mkono. Hakuna aliyesimama. Kasuku aliitikia mara mbili, macho yake yakiniomba nisiendelee.

“Unaona?” mwalimu mkuu aliita kutoka nyuma. Kwake sentensi ilikuwa imefika masikioni, na alijua vizuri kama mimi kwamba dirisha lilikuwa wazi. “Wamekupata. Tuseme hivyo, dada.”

Karatasi nyingine iliruka, ikaanguka miguuni pangu. Niliiokota, nikairudisha mezani kwa mwenyewe. Nikaenda hadi dirishani, nikalifunga, nikasukuma komeo mpaka likaingia. Kisha nikamwashiria mwalimu mgeni aje mbele, nikamwonyesha pa kusimama ili mwanga umpate usoni.