Mishumaa ya Kina Gawlik

Kwetu Silesia, mpakani mwa Ujerumani na Poland, ukirusha jiwe litampata Gawlik. Mgodi wa makaa ni Gawlik, kengele kubwa ya kanisa ni Gawlik, hata njiwa aliyeshinda mbio za kutoka Ubelgiji alikuwa wa Gawlik. Wajerumani husema jina ni lao, Wapolandi nao husema ni lao. Babu yangu Emanuel alipigania Ujerumani, Wincenty Gawlik akapigania Poland, wakafa mwezi mmoja na kuzikwa bega kwa bega. Sisi wajukuu zao hatusalimiani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Kijerumani kilipopigwa marufuku, mafundi walipaka saruji maandishi yote makaburini. Waliacha jina Gawlik tu, maana halikumuudhi mtu. Mama aliambiwa kaburi la baba yake ni la kushoto. Basi kila Sikukuu ya Watakatifu Wote tuliwasha mishumaa kwenye la kushoto, na wale wa kina Wincenty kwenye la kulia.

Mwaka huu Mama ni mgonjwa, na alitaka jambo moja tu: aone baba yake hayuko gizani. Nikamsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi makaburini. Tukakuta baridi imebandua saruji. Jiwe la kushoto liliandikwa Wincenty.

Mama hakulia, na hilo ndilo lililonitisha.

“Miaka yote hii,” alisema, “baba yangu amekaa gizani?”

Hapo akatokea Alojz, mjukuu wa Wincenty, na mshumaa wake. Alienda moja kwa moja kaburi la kulia kama kawaida yake, akainama, akasoma, akaganda.

“Enyi Wajerumani,” akaniambia, “hata babu mmetuibia?”

“Na wewe umekuwa ukimwashia nani, bwana mkubwa?”

Tukatazama chini sote. Jiwe la Emanuel lilikuwa limefunikwa na nta ya zamani, tabaka juu ya tabaka, nene kama mkate. Hakuna mwaka hata mmoja Babu aliokosa mwanga, na waliompa ni hao tuliowanunia maisha yetu yote.

Alojz alivua kofia, akauliza kwa sauti ya chini kama sasa tubadilishane makaburi.

Mama alinyoosha mkono, akaipapasa ile nta.

“Washa hapohapo, mwanangu,” alisema. “Ameshakuzoea.”